Kisu cha Keynan

Mume wangu Sugow alikuwa mhunzi Garissa, na visu vyake vizuri ndivyo vilivyotuponza. Wahunzi wengine walifua chuma wakauza, wakala wakalala. Huyu wangu hakutosheka. Alikunja springi ya lori pamoja na tupa kuukuu, akagonga, akakunja tena, mpaka chuma kikaingiana. Bapa likisuguliwa kwa mchanga na kuoshwa kwa maji ya ndimu, michirizi inatokea, mfano wa mchanga uliopitiwa na maji. Kazi yake ilijulikana mjini kote. Hata polisi walinunua.

Mwaka wa sitini na sita, vita vya serikali na waasi wa shifta vimepamba moto, Inspekta Munyao aliingia kwetu mchana na askari wawili. Aliweka chini kisu cheusi kwa moshi, mpini umevunjika. Kilichobaki mpinini ni kipande chekundu cha mti wa msandali.

Msandali ule ulitoka Lamu, na Sugow aliutia kwenye mpini wa mtu mmoja tu: mdogo wangu Keynan, mchunga ngamia wa Sangailu. Nikajua Keynan amekufa, na mimi siruhusiwi hata kulia.

"Tumekipata porini," Munyao alisema. "Kisafishe, mzee. Nataka kuona michirizi."

Alichomoa kisu chake kiunoni, kazi ya Sugow vilevile, akakiweka kando ili alinganishe.

"Afande, hii imeungua sana," Sugow alisema. "Bengine haitaonyesha kitu."

"Safisha tu."

Siku zile mhunzi aliyeshukiwa kuwatengenezea shifta silaha alipandishwa garini, na mkewe hakuambiwa alikopelekwa. Sugow alianza kusugua. Akaniita nilete ndimu.

Niliingia ndani. Nilikamua ndimu bakulini, kisha nikamimina maji ya majivu niliyochuja kwa kufulia. Majivu huua ukali wa ndimu. Mke wa mhunzi anajua hilo. Ndugu nimeshampoteza, nikajiambia, mume simtoi.

Sugow aliosha bapa. Tukangoja. Aliosha tena. Lilibaki jeupe, halina mchirizi hata mmoja. Aliniangalia mara moja, akaelewa, akainamisha kichwa.

"Si kazi yako, basi," Munyao alisema.

"Si ya mimi, afande."

Nilishusha pumzi. Munyao alirudisha kisu chake kiunoni, akachukua na kile kingine. Alionekana amechoka.

"Sikuwaambia mapema msije mkapanga maneno," alisema. "Kuna kijana tumemkamata. Anaapa yeye ni mchungaji tu, kisu alipewa na shemeji yake, fundi wa hapa mjini, zawadi ya harusi. Mimi nakujua, mzee. Ningeona mkono wako ningemwachilia. Kumbe ni mwongo kama wenzake. Leo jioni tunamalizana naye."

Akatoka. Nilisikia gari likiwaka.

Keynan yu hai. Nimemuua mwenyewe, kwa bakuli la maji.

Sugow alinikamata mkono. "Hinda, ukisema tunakufa wote."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamsukuma, nikatoka mbio bila viatu, nikasimama mbele ya gari.

"Afande, maji yale nimeharibu mimi. Yule ni ndugu yangu."

Munyao alizima injini. Askari wake walishuka kwanza, bunduki mkononi, mmoja akaja kwangu, mwingine akaingia ndani kwa Sugow.