Mabapa Manne ya Pampu ya Msikiti

Idarusi alikuwa ameahidi mbele ya waumini wote wa Kigombe kwamba pampu ya kisima cha msikiti ingetoa maji kabla ya swala ya Ijumaa. Isipotoa, Shekhe angeipakia kwenye basi la Tanga, na kazi ya pampu ingekuwa ya fundi wa mjini tangu siku hiyo.

Asubuhi ya Ijumaa aliifungua barazani, katika nyumba aliyoishi na shangazi yake, Bi Kijakazi. Ndani hamkuwa na miujiza. Gurudumu la shaba lilikaa ndani ya chuma cha duara, lakini si katikati. Lilisogea upande mmoja hata likakaribia ukuta. Lilichongwa mifuo minne, na katika kila mfuo lilisimama bapa la shaba lililosukumwa na springi, ncha yake isiachane na ukuta. Gurudumu likizunguka, mabapa hutoka penye nafasi na kurudi ndani penye ufinyu. Nafasi ikipanuka, maji hunyonywa. Ikibanwa, maji hayana pa kwenda ila bombani.

Springi moja ilikuwa imekatika. Idarusi alipanga vipande mkekani, kila bapa mahali pake, akaenda dukani kutafuta nyingine.

Aliporudi na springi mpya, mkeka ulikuwa umekung'utwa na kutandikwa upya. Mabapa yalikuwa ndani ya ungo, yakimeta kwa kusuguliwa majivu.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Shekhe kapita, kasema anakuja kukutazama. Nimkalishe juu ya girisi? Na vyuma vyako nimekuoshea, hata ahsante huna!"

"Nilikuwa nimeyapanga."

"Si manne? Hesabu. Sikula hata moja."

Ncha ya nje ilijulikana: ilikuwa imelika kwa kufuata ukuta. Lakini kila bapa lilikuwa limezoeana na mfuo wake kwa miaka. Idarusi akajaribu, gurudumu likaenda nusu, likakwama. Akabadilisha, likazunguka, lakini bapa moja likacheza kama jino bovu. Mipangilio ilikuwa ishirini na minne, na adhuhuri haikuwa mbali.

Bi Kijakazi akachukua mabapa mawili, akayapitisha kidoleni. Alikuwa amesuka mikeka miaka arobaini, na ukindu huuchambua kwa gumba bila kuutazama. "Hili nene kuliko hili."

"Yanalingana, shangazi."

"Yanalingana kwako." Akayapanga yote, nene hadi jembamba.

Idarusi hakusadiki. Akamgeuzia mgongo, akayachanganya, akamrudishia. Bi Kijakazi akayapanga vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

Basi. Bapa nene kuliko yote liliingia mfuo mmoja tu. La pili liliingia miwili, lakini mmoja ulikuwa umekwishajaa. La tatu likapata wake hivyo hivyo, na la nne halikuwa na la kuchagua. Gurudumu likazunguka bila kukwaruza.

Kisimani, Shekhe na watu wa swala walisimama wakitazama. Idarusi akazungusha mkono wa pampu. Bomba likakohoa mara mbili, kisha maji yakaruka hadi kwenye kanzu ya Shekhe.

"Alhamdulillahi!" Shekhe akacheka, akikamua pindo. "Nani aliyekusaidia? Maana saa tatu, nilipokuona njiani ukienda dukani, uso wako ulikuwa wa mtu aliyefiwa."

"Shangazi ndiye aliyepanga mabapa."

"Basi ikiharibika tena, tubishe hodi kwako au kwake?"

"Bisheni tu, Shekhe. Mlango ni mmoja."