Kibao cha Shemeji Kwenye Msumari

...nilidanganya, ndiyo, na Mungu anajua nilidanganya nikiwa nimetoka ibadani asubuhi ileile, msimamizi aliniuliza Kiingereza unakijua, nikajibu ninakijua vizuri, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyenitafutia kazi hii ya kufungulia mvuke, akaniapia mbele ya watu, huyu shemeji yangu Kiingereza anakitema, mpeni koki, nami nikainamisha macho kama mtu mwenye adabu, kumbe mwenye uongo, na sasa redio ya mkono inakwaruza sikioni, fundi mgeni yuko juu kwenye matangi ya sabuni, anasema maneno mafupimafupi kama mtu anayetema kokwa, koki nimeishika, chuma ni cha baridi, na hapa mbele yangu, kwenye msumari, kibao cha shemeji bado kinaning'inia... kibao chekundu, kakiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, SHEMEJI WA WATU, utani wake huo, kwetu anayeingia tangini kukwangua ukoko anatundika kibao hapa kwanza, akitoka anakuja kukichukua, ndiyo sheria, lakini fundi mgeni ana siku tatu tu, habari za vibao hazijui wala ndani ya tangi hachungulii, na shemeji naye kwa kusahau hajambo, juzi kibao kilibaki hapa mpaka saa saba, nikamfuata mbio, nikamkuta kantini na kikombe cha chai, "Vipi, shemeji, ulidhani nimeshaiva?"... je, leo amesahau tena, au bado yumo, kapiga magoti ndani na kikwangulio chake, anapiga mluzi... hilo hapo, fundi kalisema tena redioni, heat, yaani nifungulie mvuke, au ni hit, au it, au eat, Ee Mungu wangu, kwa nini waliyafananisha hivi, niliyaandika yote kwenye daftari nyuma ya nyimbo za kwaya, hit kupiga, heat joto, it kile kitu, eat kula, nikawa nayasoma jikoni kwa sauti ya chini, binti yangu akasikia, "Mama, mbona yote unayatamka sawa?" nikamwambia nilikufundisha kusema mimi, leo unanifundisha mdomo?... ship meli, sheep kondoo, full kujaa, fool mjinga, off kuzima, na of ambalo likiwa peke yake sijui hata ni la nini, limekaa katikati ya wenzake kama mgeni asiyejulikana kaja na nani, na hata neno likiwa moja halitulii, run ni kukimbia, run ni mashine kufanya kazi, run ni maji kutiririka, na kamasi pia, juzi fundi kasema run nikaacha koki nikatoka mbio mpaka getini, watu walicheka hadi wakakaa chini, nami nikacheka nao, nikasema nilikuwa nawatania... "Hello? Yes?" ananiuliza, hilo yes ndilo nalijua, ndilo neno langu la miaka miwili, nimewajibu nalo mafundi wageni wote waliopita hapa, huku nikiibia kwa macho, nikitazama kipimo, nikitazama msimamizi amesogea wapi, na jioni napiga magoti kushukuru, nilidhani namshukuru Mungu kwa kunisaidia, kumbe namshukuru kwa kunifichia... na leo msimamizi kaenda stoo, hapa chini niko peke yangu, na redio hii inasikika kiwanda kizima, wapakiaji, walinzi, ofisini, nikisema sikuelewa wote watajua, kazi itakwenda, na shemeji aliyeniapia ataficha wapi uso... uso wake, mvuke unaingilia chini ya tangi, kwenye mabomba yenye matundu, hata kupiga kelele hatawahi, na mama mkwe asubuhi aliniambia mlangoni, mtazamane huko kazini, nikamjibu ndiyo, mama, bila hata kugeuka... "Yes?" fundi anakazana, sauti imeshapanda, na mkono wangu, mkono wangu huu umezoea, ukisikia yes unataka kuzungusha wenyewe, nauona unavyokaza... hapana, subiri, naogopa nini hasa, naogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa mvuke, na atakayeungua si mimi, ndivyo nilivyo, Bwana, ndivyo nilivyo, nisamehe... kibao hakijatikisika, koki haijasogea, nabonyeza kitufe cha redio kwa kidole gumba, nasema, "Jamani mnaonisikia, Kiingereza sikijui, sijawahi kukijua. Naomba mmoja wenu achungulie tangini, aniambie kama shemeji yangu ametoka."