Mdomo wa Baba

Mtaani walimwita Mdomo tangu akiwa mdogo, na si kwa sababu alikuwa mpayukaji. Baba yake, fundi makochi, alikuwa kiziwi wa kuzaliwa. Mama alifariki mapema, na yeye, mtoto wa kwanza, ndiye aliyemsemea baba dukani, hospitalini na mbele ya wateja waliokuja kuuliza makochi yao yamefikia wapi. Mikono ya baba ilizungumza, maneno yakatoka kinywani mwa binti. Na kama watoto wengi wanaosemea wakubwa, alijifunza mapema kupunguza makali. Baba akisema mteja huyu kichwa chake kimejaa pamba kuliko kochi lenyewe, binti alisema, "Baba anaomba umvumilie hadi kesho." Mteja aliondoka akitabasamu, na baba akabaki anamsindikiza kwa macho ya mtu aliyetukana akashukuriwa.

Baadaye ikawa kazi yake rasmi. Alisomea ukalimani wa lugha ya alama, na chuo cha umma kilichokuwa karibu na kwao kikamwajiri kwa ajili ya wanafunzi wake viziwi. Mafunzoni walikuwa wamewekewa masharti ambayo aliyajua hata usingizini. Mkalimani hatii chumvi wala hapunguzi. Mzungumzaji akisema "mimi", mkalimani naye anasema "mimi", ajitoe kabisa katikati. Na usifanye kazi hiyo kwa mtu wa damu yako, maana hapo ndipo wakalimani wazuri huharibikiwa.

Jumamosi hiyo chuo kilikuwa kimefungua milango kwa kongamano la wazi kuhusu ikolojia ya mji. Tangazo lilikuwa na maneno makubwa, lakini watu wa mtaa hawakuacha kufua nguo zao ili waje kusikiliza maneno makubwa. Walikuja kwa ajili ya bwawa. Nyuma ya chuo palikuwa na bwawa la zamani lililojengewa ukuta wa mawe pande zote, na uongozi ulikuwa na mipango miwili mezani: ama lifukiwe pawe maegesho ya magari, ama lifufuliwe. Uongozi ulikuwa umeahidi kulipeleka kwenye bodi pendekezo ambalo wengi ukumbini wangeliunga mkono, na safari hii watu waliamua kuiamini ahadi hiyo.

Mdomo alikuwa na msimamo wake, ingawa mkalimani hatakiwi kuwa nao. Ndani ya bwawa hilo mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikufa maji akiwa bado anasoma shule ya msingi. Tangu mazishi, Mdomo hakuwahi kukanyaga njia ya nyuma. Kila asubuhi alizunguka chuo kizima ili aingie kwa lango la mbele, jua liwake au mvua inyeshe, na mtu akimuuliza, alisema anafanya mazoezi ya miguu. Alitaka bwawa lifukiwe. Angepewa koleo, angeanza yeye.

Siku hiyo alikuwa peke yake, kwa kuwa mwenzake wa kupokezana alikuwa amelala kwa mafua. Alisimama pembeni mwa jukwaa, wanafunzi viziwi wakiwa safu za kushoto ili wamwone vizuri. Feni za darini zilizunguka kwa uvivu, projekta iligoma ikabembelezwa, ikakubali. Ndipo alipotupa macho safu ya mbele akamwona baba yake amekaa wima ndani ya lile koti analovaa kwenye harusi za watu. Pembeni yake alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka la saruji na nondo, mtu aliyetaka bwawa lifukiwe kesho yake, hata kabla ya kiamshakinywa.

Hakuhitaji kuelezwa. Mwenyekiti alikuwa amepiga hesabu zake: wataalamu wataleta picha za ndege, yeye ataleta mzee aliyefiwa. Mdomo alimwendea naibu mkuu wa chuo, aliyekuwa akiendesha kongamano, akamnong'oneza kwamba yule mzee ni baba yake na kwamba kwa masharti ya kazi hapaswi kumkalimania. Naibu mkuu akatabasamu kwa wema wote. Akasema hilo ni jambo jema, maana nani atamwelewa mzee kuliko mwanawe? Mdomo akarudi mahali pake.

Mhadhiri wa ikolojia ndiye aliyetangulia. Wanafunzi wake walimwita Mama Vyura, naye alilijua jina hilo na hakulikataa. Alionyesha picha ya zamani: bwawa lilelile kabla ya mawe, ukingo wake umelala taratibu kama mteremko wa shamba, matete yamesimama majini. Kisha akaonyesha picha ya sasa, ukuta umesimama wima pande zote. Alisema maji ya mvua yanahitaji mahali pa kupumzika mjini, la sivyo yanakuja kupumzika vyumbani mwetu. Alitaka kuta zibomolewe, ukingo ulazwe tena, matete yarudishwe. Mdomo aliyaweka yote hayo mikononi, matete na vyura na kereng'ende, kila alama mahali pake, huku moyo wake ukiyakataa moja baada ya jingine. Baba yake hakuitazama projekta hata kidogo. Aliitazama mikono ya binti yake.

Baada ya hapo wakaja wa mtaa. Kulikuwa na aliyelalamika kuhusu mbu, na mama mmoja aliyesema vyura wa bwawa hilo hupiga kelele hadi anashindwa kuisikia televisheni yake. Mwenyekiti wa mtaa akasimama, akalainisha koo, akasema hana maneno mengi, ila amekuja na mtu ambaye bwawa lilimchukulia mwanawe, na kila mwenye moyo amsikilize. Akamshika fundi makochi mkono, akampandisha jukwaani.

Fundi alisimama mbele ya watu bila wasiwasi. Mdomo akachukua kipaza sauti, akajiweka ubavuni mwake.

"Kuhusu kelele za vyura," alianza fundi kwa mikono yake mipana, na sauti ya binti ikafuata, "mimi sina malalamiko."

Ukumbi ulicheka, na mama wa televisheni akacheka kuliko wote. Mdomo naye alitaka kucheka, akajizuia. Baba akangoja kicheko kiishe, akaendelea, uso wake ukiwa mwingine.

"Mwanangu wa mwisho alikufa mle ndani," alisema Mdomo. Sauti haikutetemeka. Ilikuwa kazi.

Mikono ya baba ikasema: watu wa mtaa wamenileta hapa niseme lifukiwe. Sitaki lifukiwe.

"Sitaki..." alisema Mdomo, na hapo ulimi ukasimama. Ukumbi ulimngoja. Wanafunzi viziwi walikuwa wameyaona maneno ya baba lakini wasingeweza kuisikia sauti ya Mdomo, na wenye kusikia waliisikia sauti lakini mikono kwao ilikuwa mikono tu. Aliyekuwa na vyote viwili alikuwa yeye peke yake, na alilichukia bwawa lile kwa moyo wote. "Sitaki mzazi mwingine apate uchungu kama wangu," alisema.

Yalitoka yenyewe, kwa wepesi wa mazoea. Baba akaendelea, na yeye akaendelea kukata hapa na kushona pale, kama fundi anavyogeuza kitambaa ili doa liangukie chini ya mto. Alisema kuhusu uchungu, alisema kuhusu usalama wa watoto, akamalizia kwa kuomba hatua ichukuliwe haraka. Hakuna neno hata moja ambalo mzee yeyote aliyefiwa asingeweza kulisema. Ubaya wake ni kwamba mzee huyu hakuwa amelisema.

Safu za mtaa zikalipuka kwa makofi, na mwenyekiti akasimama akipiga ya kwake juu ya kichwa. Wakati huohuo, upande wa kushoto, wanafunzi viziwi wakainua mikono hewani na kuichezesha, ambayo ndiyo makofi yao. Mama Vyura, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alishangaa kuona wanafunzi wake mwenyewe wakimshangilia mtu anayetaka kulizika bwawa lake.

Baba aliwatazama wa kushoto. Akawatazama wa mtaa. Alimtazama mwenyekiti kwa muda mrefu kidogo, jinsi alivyojaa furaha. Kisha akamgeukia binti yake, na akaongea kwa alama ndogondogo, karibu na kifua, kama watu wanavyonong'ona.

"Mbona anayetaka kufukia ndiye anayenishangilia? Umesema nini?"

 Mikono ya Mdomo ilikuwa imekishika kipaza sauti.

"Ulipokuwa mdogo nilijua," alisema baba. "Nani hutukanwa akaondoka anacheka? Nilikuacha, kwa sababu ulikuwa unanilinda, na mtoto akikulinda unamwacha akulinde. Leo usinipunguze, mama."

Mdomo aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Miaka yote alijiona daraja la baba yake, kumbe baba alikuwa anavuka huku akijua fika ni mbao zipi zimetolewa. Alitamani awe mahali pengine popote, hata pale bwawani. Akapiga moyo konde, akakiinua kipaza sauti.

"Naomba radhi," alisema. "Sasa nasema kama mkalimani. Nimekosea, na kwa makusudi. Maneno mliyoyapigia makofi yalikuwa yangu. Ya mzee bado hamjayasikia."

Minong'ono ikapanda. Mwenyekiti wa mtaa akasema kwa sauti kwamba mzee ameshapewa nafasi yake na wengine wanangoja. Naibu mkuu, ambaye wema wake ulikuwa umeanza kumtokea puani, akamtazama Mdomo, akamtazama mzee, akasema mzee aanze upya. Fundi makochi alivuta mikono ya koti lake la harusi juu kidogo ili vidole viwe huru.

"Mwanangu wa mwisho alikufa mle ndani," alisema Mdomo, na safari hii sauti ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Nimeletwa hapa niseme lifukiwe. Sitaki lifukiwe. Maji hayakumwua mwanangu. Alijua kuogelea, mimi nilimfundisha, palepale. Alichoka akashindwa kutoka. Ukuta umesimama, mawe yana utelezi, hakuna pa kushika. Mimi nilipokuwa mtoto hapakuwa na ukuta. Tulikuwa tukichoka tunatambaa kwenye matope, tunashika matete, tunatoka. Tunakwenda kuchapwa nyumbani kwa kuchafua nguo, lakini tunakwenda nyumbani."

Baba akamgeukia naibu mkuu.

"Bomoeni ukuta. Mtoto akiingia, aweze kutoka. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni langu mwenyewe. Mwanangu alipapenda pale kuliko mahali popote. Jumapili huwa nakwenda, nakaa juu ya jiwe, namkumbuka akiwa anacheka. Makaburini simkumbuki akicheka. Mkiweka magari, nitakaa wapi?"

Hili Mdomo hakulijua. Jumapili baba humwambia anakwenda kutafuta sponji za makochi, na yeye hakuwahi kujiuliza ni duka gani la sponji linalofunguliwa Jumapili. Lakini mikono ya baba ilikuwa bado inakwenda, na mdomo ukalazimika kuifuata.

"Nina binti," alisema. "Huzunguka njia ndefu kila siku ili asilione bwawa. Mimi namwona kutoka dirishani mwa karakana. Nikilitaja, mikono yake inanyamaza, basi nami nimeacha kulitaja. Sijawahi kumlazimisha. Yeye ni mtu mzima. Ila kila Jumapili, pale kwenye jiwe, nakaa upande mmoja. Namsubiri."

Fundi akateremsha mikono. Safu za mtaa hazikupiga makofi, na mikono ya kushoto haikuinuka. Watu walikuwa wameanza kuelewa kwamba aliyekuwa akisema "mimi" kwa sauti ndiye binti mwenyewe, na wengi wao wakaona ni afadhali kutazama feni.

Kongamano liliendelea, maana makongamano huendelea. Walipoulizwa wanaotaka ukuta ubomolewe na ukingo ulazwe, mikono iliinuka mingi kuliko hata Mama Vyura alivyothubutu kutumaini, ukiwamo wa mama wa televisheni. Mwenyekiti wa mtaa aliikunja yake kifuani na kuanza kujadiliana na jirani yake kuhusu matokeo ya mpira. Mdomo aliwatafsiria wanafunzi hayo yote hadi shukrani za mwisho, bila kutia chumvi na bila kupunguza.

Watu walipoanza kukusanya vitu vyao, baba alikuwa bado amesimama chini ya jukwaa, akimngoja mwanawe wa kurudi naye nyumbani. Kwa alama ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama kuna chumvi, alimuuliza watatoka kwa lango lipi.

Mdomo aliweka kipaza sauti mezani ili mikono yake yote miwili iwe huru. Akajibu. Baba alimtazama, akafunga kifungo cha koti, akamshika mkono.

Naibu mkuu alikuwa akipita na makaratasi yake, akasimama. Aliuliza kwa upole kama mzee ana neno la kuongeza, ili liingizwe kwenye taarifa ya kongamano.

"Hapana," alisema Mdomo. "Hilo lilikuwa la nyumbani."

Wakatoka kwa lango la nyuma.