Kahawa ya Waliokwisha Kutoka

Kiwandani kwetu Hawassa, Ethiopia, tunakoshona mashati, mashine ya alama za vidole imefundishwa uongo. Jua likishuka, msimamizi Dereje hutupanga foleni, tunagusa kioo, kinaandika kwamba tumetoka. Halafu anaturudisha kwenye cherehani tushone hadi usiku mwingi. Saa hizo haziandikwi popote, ila viunoni mwetu.

Juzi mshonaji mwenzetu Wubalem alikwisha kugusa kioo akaomba akamwone mwanawe mgonjwa. Dereje akamkatalia: “Kazi haijaisha!”

Leo Wubalem amekuja na jiko la mkaa. Alipogusa kioo, hakurudi ndani. Alitandaza majani uani, kama ilivyo desturi yetu ya kahawa ya vikombe vitatu, akaanza kukaanga buni. Sote tukamfuata.

“Nyie! Cherehani zinawangoja!” Dereje alifoka.

“Zinamngoja nani, kaka?” Wubalem alimjibu huku akitikisa kikaango. “Sisi tumeshatoka. Iulize mashine yako.”

“Nitawafukuza!”

“Unamfukuza mtu kabla ya kikombe cha tatu? Hukulelewa?”

Nami nikadakia, “Kaa unywe, bosi. Na wewe uligusa kioo. Unatupigia kelele bure bila malipo!”

Kicheko kilichotoka kilikuwa kikali kuliko matusi. Dereje alitazama lori lililokuwa likisubiri mashati getini, akashusha sauti.

“Haya, njooni mguse tena. Iandike kwamba mmeingia.”

“Na itaandika saa tutakayotoka kweli?” Wubalem aliuliza.

“Itaandika.”

“Basi subiri,” Wubalem alisema, akimimina kikombe cha kwanza. “Bado viwili.”

Lori likapiga honi. Sisi tukapuliza kahawa, polepole.