Mkanda wa Andati

Kidude cha kuhesabu mwendo kilikuwa kidogo kama kiberiti, kimeshonewa kwenye mkanda wa kiunoni. Jescah alizunguka nyumba za Matungu akiwavisha watoto ambao hawajaanza shule, kisha alirudi kusoma wamecheza kiasi gani. Watafiti waliomwajiri walitaka kujua hayo tu.

Cha Andati kilikuwa karibu hakijasonga kabisa. Andati alikuwa wa miaka minne. Mamake alikuwa amefariki, na shangaziye Alice ndiye aliyemtunza wakati babake, Osiako, yuko kukata miwa.

"Ni mgonjwa?" Jescah aliuliza huku akinywa chai ya Alice.

"Mzima kabisa, madamu. Mwachie tena mpaka Ijumaa, utaona."

Alhamisi Jescah alikuwa kwa jirani, akaona apitie. Uani alimkuta mbuzi akirukaruka, shingoni amevaa mkanda. Aliufungua. Ulikuwa umelowa mate na kunuka beberu. Kabla hajaamini alichokishika, alisikia kikohozi jikoni.

Andati alikuwa amefungwa mguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo. Alikalia kinyesi chake mwenyewe. Nzi walitembea midomoni mwake bila yeye kuwafukuza, na kuku walidonoa ugali kwenye sahani yake. Jescah alipoifungua kamba, aligusa kifundo. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama kisigino. Kamba haikuwa ya jana wala juzi.

Alice aliingia na unga kutoka kwa mashine ya kusaga. "Mayi! Unaingianga jikoni ya watu hivi?"

"Mtoto umemfunga kama mbuzi, mbuzi ukamvisha kama mtoto!"

"Huyo hutorokanga mpaka mtoni. Na si ni wewe ulitaka kidude kisonge?"

Jescah alimfuta mtoto kwa leso yake, akambeba mgongoni mpaka shambani. Osiako alikuwa mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa. Jescah alimweleza yote, akingoja afoke, arushe panga, akimbie nyumbani.

Osiako alitazama kile kifundo, kisha akatazama pembeni.

"Hiyo kamba nilinunua mimi," alisema polepole. "Ningempeleka wapi?"

Chai ya Alice, aliyoinywa hatua chache tu kutoka jiko lile, ilimrudia Jescah kooni kana kwamba ameinywa sasa hivi. Aliinama kando ya mtaro akatapika mbele ya wakataji wote.

"Hana nyanya?" aliuliza, akipangusa mdomo.

"Yuko Iguhu. Alimtaka tangu matanga ya mamake. Niliona haya, watu wangesema nimeshindwa."

"Basi twende."

Jioni walifika Iguhu. Nyanya aliwasikiliza mlangoni. Alimpokea mjukuu, akamvua nguo, akateleka maji.

Osiako alimnyooshea Jescah mkono. "Asante, madamu."

Jescah aliutazama mkono huo. Alijitanda leso iliyonuka mavi ya mtoto, akashika njia bila kuupokea.