Vitabu vya Injini ya Kushoto

Kwa miaka thelathini na nane Telesphory alitengeneza mashine za kukobolea mpunga pale Ifakara, na kuanzia Mkula mpaka Malinyi watu hawakununua pawatila, trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, ya mtumba kabla hajaisikiliza. Kwa hiyo mpwa wake Octavian, mfanyabiashara wa mchele, alipotaka kununua ndege ya jeti iliyotumika, ya viti sita, ya kukodisha kwa matajiri wenye haraka, hakuhangaika kutafuta fundi mwingine. Dhamana ya mkopo wa benki ilikuwa shamba la mama yake, Brigita, mdogo wake Telesphory, huko Mngeta.

"Kaka akisema nzima, naweka dole gumba," Brigita alisema.

Uwanjani Dar es Salaam walipokelewa na dalali Kasmiri, viatu vimepigwa rangi. Telesphory aliizunguka ndege mara tatu, akapapasa matairi, akaomba iwashwe. Ilipozimwa alisogea, akafumba macho, akasikiliza mapanga ya ndani ya injini yakizunguka taratibu mpaka yakatulia. Hakuna kukwaruza, kulia wala kushoto.

"Inalia kama cherehani mpya," alisema.

"Na vitabu vyake?" Octavian aliuliza.

"Vya injini ya kulia hivi hapa. Vya kushoto viliharibiwa na mafuriko, mzee wangu. Maji yaliingia ofisini mpaka kiunoni," Kasmiri alisema.

Mtu wa kwingine angeshtuka. Lakini mtu wa Ifakara, mto Lumemo ukifurika, nani hajaanika vyeti juani? Cha ndoa cha Telesphory kilibaki karatasi ya bluu isiyosomeka.

"Pole sana, baba," Telesphory alimwambia Kasmiri, kwa moyo kabisa.

Octavian alisita. "Mjomba, kuna binti mkaguzi, Eveline. Anasema tumsubiri wiki mbili aikague kwanza."

"Atasikia nini ambacho mimi sijasikia? Au umenileta nikubebee begi?"

Octavian akacheka, akasaini.

Eveline alipofika aliwaamkia, akakagua siku mbili, kisha akamvutia Telesphory kiti.

"Mzee, sauti ni nzuri. Ila vyuma vya ndani vina umri. Vikifika ukomo vinatolewa, hata kama vinang'aa. Pasipo vitabu hakuna ajuaye umri wake, basi vinahesabiwa vyote vimekwisha. Kuviweka vipya kunazidi bei ya ndege yenyewe."

"Vililowa, mwanangu. Mafuriko."

"Ndivyo mlivyoambiwa," alisema Eveline kwa upole.

Simu ya Kasmiri haikupatikana tena. Ndege haikuruka, benki ikaandika barua, na Octavian akabaki Dar, hathubutu kumtazama mama yake.

Telesphory alikwenda Mngeta mwenyewe. Alimkuta Brigita anapalilia, kanga kaikunjia kiunoni, tope mpaka kwenye magoti. Alimweleza yote, hata lile neno la begi hakulificha. Brigita hakuinua kichwa.

"Acha, Brigita. Shamba wanalichukua mwezi ujao."

"Mpunga una mimba, kaka. Niuache na magugu?"

Telesphory akavua viatu, akakunja suruali, akatia mguu mmoja majini.

"Hapana," alisema Brigita. "Wewe kaa hukohuko kwenye tuta."

Akakaa. Dada yake akamaliza mstari ule, akaanza mwingine, akizidi kwenda mbali, na sauti ya nyasi ziking'oka topeni ikawa inamfikia mojamoja, wazi kabisa.