Sikio la Kushoto la Wannes

Reinhilde hakuwa mwanamke wa kupekua simu ya mume. Aliwaambia hivyo wenzake wa duka la mikate kila walipoanza visa vya waume zao. "Nipekue nini? Wannes akinidanganya nitasikia tu." Na kweli masikio alikuwa nayo, huyo mama. Basi lililomfika halikupitia kwenye simu. Lilipitia darini.

Jumamosi asubuhi alikuwa jikoni anamenya viazi. Juu, kwenye chumba cha mashine za muziki, Wannes alikuwa na Fien, mwanafunzi wake wa zamani, msichana wa miaka ishirini na saba aliyenyoa nywele upande mmoja. Walikuwa wanatengeneza besi ya kinanda cha umeme, nzito, inayotikisa vikombe kabatini. Kisha wakaitia mwangwi. Noti ikapigwa, ikarudi, ikarudi tena, kila mara ikichelewa robo tatu ya pigo, kama mtu anayechechemea kwa raha zake.

Kisu kikasimama mkononi mwa Reinhilde.

Mwangwi ule ulikuwa wake! Aliupata yeye, majira ya baridi ya mwaka waliokutana, katika chumba cha kupanga huko Ledeberg, vidole vimekufa ganzi, anazungusha kitufe taratibu mpaka Wannes akaruka kitandani na blanketi lake: "Hapo hapo! Usiguse tena!" Miaka ishirini na minane hawakumpa mtu kipimo kile. Leo kapewa huyu wa juzi. Halafu kikashuka kicheko, cha watu wawili, na kicheko kikamuuma kuliko mwangwi. Alikimenya kiazi mpaka kikabaki saizi ya gololi.

Sasa, Wannes hakuwa amepanda jukwaani kwa miaka minne. Ujana wake wote alisimama na spika upande wa kushoto, na sikio la kushoto likafa kabisa. Jumapili ijayo, saa nane mchana, ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudi, yeye na Fien, katika kiwanda cha zamani cha nguo kilichogeuzwa ukumbi. Alikuwa halali usiku. Alikuwa anapiga pasi mashati asiyoyavaa. Na kila kazi aliyoifanya tangu sikio lilipokufa ilipita kwa mkewe kwanza. "Wewe ndiye sikio langu la kushoto," alizoea kumwambia. Hata wakitembea alimweka kuliani kwake, upande unaosikia, asipitwe na neno lake.

Wakateremka wote wawili, nyuso zinang'aa.

"Twende ukatusikilizie, mke wangu. Ukumbi ule unachanganya kushoto na kulia, spika zote zinatoa kitu kimoja. Nataka kujua kama besi itavuka salama."

"Dada Reinhilde, usinionee huruma," Fien akasema. "Kwetu tuko watoto sita, matusi nimeyazoea."

"Dada," Reinhilde akajisemea moyoni. "Dada yako alizaliwa lini mimi nisijue?" Lakini mdomoni alisema, "Nitasikiliza peke yangu. Bia ya kupikia nyama imeisha. Nendeni mkaninunulie."

"Wote wawili?" Wannes akauliza.

"Kwani mnaachana siku hizi?"

Wannes akacheka, akidhani ni utani. Wakaondoka. Reinhilde akawatazama dirishani. Fien alikuwa anatembea kuliani kwa Wannes. Loo! Alishika pazia kwa nguvu hata kulabu moja ikang'oka.

Akapanda darini, akavaa visikizio. Ilikuwa sauti nzuri, tusiwe wachoyo wa kusema. Fien alikuwa ameipitisha besi kwenye kisanduku cha kuyumbisha sauti, ikawa pana, inazunguka, upande wa kushoto unapanda wakati wa kulia unashuka. Lakini alikuwa ameiyumbisha yote, mpaka chini kabisa, hakuacha hata chembe ya sauti kavu, isiyoyumbishwa. Reinhilde alisikia utupu katikati tangu noti ya kwanza. Kosa la watoto hilo! Besi ya chini haiguswi. Huyumbishwa ya juu tu, ya chini ikabaki imesimama kati kama nguzo. Ukiyumbisha yote, siku kushoto na kulia vikikutana, vinauana.

Kulikuwa na kitufe cha kuvikutanisha. Alikibonyeza. Ngoma zikabaki, besi ikatoweka yote, hata mwangwi. Akakibonyeza tena, ikarudi.

Alikaa pale, mkono mapajani. Neno moja tu lilitakiwa. Kisha akasikia mlango wa chini, na Fien anasema kitu, na Wannes anacheka tena kile kicheko.

"Eeh?" Wannes aliita toka ngazini. "Itavuka?"

"Itavuka salama," Reinhilde akasema. "Msiguse kitu."

Nyama siku ile iliungua chini. Wannes alikula sahani mbili, akasifu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kundi la tarumbeta lililotangulia lilipitiliza muda wake, basi nafasi ya kujaribu mitambo haikupatikana. Mlangoni Reinhilde alipewa karatasi ya ratiba. Akaikunja bila kuisoma, kwa nini ajitie uchungu kusoma jina la yule? Akakaa safu ya tatu. Alikuwa ameshajiambia: aaibike huyo binti, basi, nusu saa tu, halafu yataisha. Wivu ulikuwa umemfanya asahau kwamba jukwaani wangekuwa watu wawili.

Ngoma za mashine zilianza. Wannes, katika shati lililopigwa pasi mara saba, akainua mkono kumpa Fien ishara ya besi.

Haikuja. Fien akapandisha sauti. Hewa tupu. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakangoja. Fien akapandisha tena. Besi ilikuwa imekwisha kurekodiwa pamoja na mayumbo yake, haitenganishiki tena, kama chumvi na supu. Watu wa safu za nyuma wakaanza kutoka, bia mkononi. Wannes akainamisha kichwa, sikio la kulia mbele, kama kuku anayesikiliza mwewe. Kisha akaelewa. Hakutazama mashine, hakumtazama Fien. Alimtafuta mkewe safu ya tatu, akamwona, akaendelea kumtazama huku ngoma zikijipigia zenyewe.

Nyuma ya jukwaa Fien alilia mpaka kamasi. "Kosa langu, dada Reinhilde, kosa langu. Nilimwambia tupime kwa kile kitufe. Akasema, Reinhilde ameshasikiliza, tupime nini tena?"

Reinhilde hakuwa na pa kuweka mikono. Akaikunjua ile karatasi. Mistari mitatu tu. Kinanda: Fien. Ngoma: Wannes. Na wa chini yake: Mwangwi na sikio, Reinhilde.

Walirudi kwa miguu kando ya mto, Reinhilde kuliani kwa Wannes kama siku zote. Kwenye daraja la pili Wannes akauliza.

"Ulisikia?"

Angeweza kukataa. "Nilisikia."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Nilikusikia ukicheka naye, roho ikaniuma. Na ulimpa mwangwi wangu, Wannes. Wangu!"

Wannes akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Alisimama, akamwacha apite hatua moja, akazunguka nyuma yake, akatokea upande wa pili. Wakaendelea kutembea. Reinhilde alimwomba msamaha toka pale mpaka mlangoni kwao, akaeleza yote, akamwita kwa jina ambalo hakumwita tangu Ledeberg, kwenye sikio lisilosikia.